Masega ya Mchina au masega mtumba ya Japani? Nimefunga yote, haya ndo maoni yangu

Wakuu, naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asimalize bando bure. Masega ni kile kifaa cha kwenye bomba la egzosi kinachosafisha moshi wa injini. Mapya ya Mchina, yale ya kuchomelea yasiyo na jina lolote juu ya kopo (bati la nje), nayapa nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo mbili ni ya kopo lenyewe maana limetengenezwa vizuri. Masega mtumba yaliyofunguliwa kwenye gari ya Japani, ukipata ambayo hayajaungua, nayapa nne. Mwenye muda akae tuendelee.

Gari ni Premio nyumodo, injini ya 2ZR, haina makuu. Ikaanza kuwasha taa ya injini, ukipiga mashine ya kusoma kompyuta ya gari inaleta kodi P0420, maana yake ufanisi wa masega umeshuka chini ya kiwango. Nguvu ilikuwepo, haikuwa imeziba wala nini, ila asubuhi ukiiwasha geti likiwa limefungwa macho yanawasha na harufu ya petroli mbichi haiishi. Fundi wangu ni wa gereji ya chini ya mwembe lakini ana mashine inayosoma data za papo kwa papo, na si mtu wa kukurupuka, alianza na plagi, akakagua kama egzosi inavuja sehemu, akacheki sensa za oksijeni, ya mbele na ya nyuma ya masega, kama ni nzima, ndo akaniita nione kwenye kioo. "Bosi, unaona huu mstari wa sensa ya nyuma? Ulitakiwa utulie kwenye volti 0.6, 0.7 huko. Huu unacheza singeli." Na kweli ulikuwa unaruka toka 0.1 mpaka 0.9 afu unashuka tena, mfululizo.

Hapo una njia kama nne. Kuagiza orijino mpya ya Toyota, ambayo bei yake ukiisikia unaulizia kwanza kama wamekuuzia na gari. Kutafuta mtumba. Kununua ya Mchina. Au ile ambayo mafundi wengi wa mjini wanaikimbilia, kuvunja masega ndani ya kopo, kuchomelea bomba tupu na kudanganya sensa ya nyuma. Hii ya mwisho mi siifanyi na sitaijadili sana, injini ya petroli inatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, afu nyumba zetu nyingi gari inalala mita mbili toka dirisha la chumba cha watoto. Anayetaka kutoa atoe, gari ni yake.

Shaurimoyo pale kwenye maduka ya spea Dar, mtumba wa injini yangu haukuwepo siku hizo, wenye nao walikuwa na wa gari zingine wanataka kulazimisha, kwahiyo nikachukua ya Mchina nitembelee wakati jamaa ananitafutia. Bei ilikuwa chini ya nusu ya mtumba. Muuzaji akaniambia "braza hii ina platinamu ndani, waranti mwaka mzima", nikamwambia andika kwenye risiti, akaandika "waranti" bila kuweka mwaka wala tarehe. Sawa.

Sasa kabla sijasema ilivyofanya kazi inabidi tuelewane kilichomo mle ndani, maana watu wengi wananunua kopo wakati kitu chenye thamani ni unga uliopakwa kwenye kuta za vitundu. Lile umbo la vitundu vitundu ni kauri tu, kwenye gari nyingi za kawaida vitundu kama 400 kwa kila inchi ya mraba, kauri hiyo peke yake haifanyi chochote zaidi ya kupitisha moshi. Juu ya kuta zake ndo inapakwa tabaka ya oksidi za metali. Kuna oksidi ya alumini, ambayo ina vinyweleo vingi mno kiasi kwamba gramu moja ya unga wake ukihesabu uso wote unapita mita za mraba 100, hiyo kazi yake ni kuzitandaza zile metali za bei mbaya, platinamu, paladiamu na rodiamu, zisijikusanye sehemu moja. Gramu chache tu za metali hizo ndo zinatosha gari nzima. Afu kuna oksidi ya seriamu iliyochanganywa na ya zirkoniamu, na huyu ndo mhusika mkuu ambaye muuzaji hata siku moja hakutajii.

Kazi yake iko hivi. Injini inatakiwa ichome hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo 1, ila kompyuta haiwezi kukaa hapo hapo muda wote, inazidisha kidogo, inapunguza kidogo, inarudi, inakwenda. Hewa ikizidi, seriamu inanyonya oksijeni na kuihifadhi ndani ya umbo lake. Mafuta yakizidi, oksijeni kwenye moshi haitoshi, hapo seriamu inaitoa ile iliyokuwa nayo na kaboni monoksidi inaipata na kugeuka kaboni dioksidi. Inafanya hivyo mara nyingi sana kwa dakika, mwaka hadi mwaka. Zirkoniamu iliongezwa kwa sababu seriamu peke yake ikipata joto kali chembechembe zake zinaungana, zinakuwa kubwa na kuacha kufanya kazi, na masega huwa yanafika nyuzi 900, hata 1000 ukiendesha kwa fujo.

Ile sensa ya nyuma haipimi platinamu, haijui hata kama ipo. Inachofanya ni kuangalia kama oksijeni inayotoka nyuma ya masega imetulia. Ikiwa imetulia maana yake seriamu bado inahifadhi na kutoa. Ikiwa inapanda na kushuka sawa na ya mbele, maana yake hakuna anayehifadhi tena. Kwahiyo ile taa ya P0420 kiukweli inawashwa na oksidi iliyokufa. Mtu akikwambia "ina platinamu" muulize oksidi ya seriamu imepakwa kiasi gani, atakutolea macho, lakini muulize.

Haya, tuje kwenye ya Mchina. Kabla ya kufunga niliishika mkononi nikailinganisha na ile ya zamani tuliyoikata, ni nyepesi kwa namna ambayo huhitaji mizani. Nikapiga tochi ya simu upande mmoja nikachungulia upande wa pili, vitundu ni vipana kuliko vya zamani, na rangi ya ule unga haiko sawa, sehemu nyingine ni kahawia iliyokolea, nyingine karibu nyeupe ya kauri tupu. Fundi akalitikisa kopo juu ya karatasi nyeupe, vumbi la kahawia likamwagika kama kijiko cha chai hivi. Hilo vumbi ndo bidhaa yenyewe wakuu! Ndo ulicholipia, kinamwagika kabla hata gari haijawashwa. Fundi akacheka tu akaendelea kuchomelea.

Nisimnyime haki yake, mwanzoni ilifanya kazi. Taa ilizimwa haikurudi, mstari wa nyuma ulitulia kwenye 0.6 na kitu, harufu ikakata, na hata pale ambapo masega yenyewe hayajapata moto (mengi yanaanza kazi yakifika nyuzi 250 mpaka 300, kabla ya hapo unapumua kila kitu) haikuwa mbaya kuliko ya zamani. Kama ningeandika maoni haya wiki ile ningeipa nyota nne na mngenishukuru, na nadhani ndo maana mtandaoni hizi bidhaa zina sifa nyingi, watu wanaandika siku taa imezima.

Shida ilianza baada ya safari ya Dodoma na kurudi, gari imejaa, kiyoyozi kimewashwa, joto la kufa mtu. Kupiga mashine baada ya pale mstari wa nyuma ukawa umeanza kutikisika, siyo sana. Mvua za masika zinaanza tayari unapanda na kushuka, na taa hiyoo imerudi. Kwa mtu wa Uber au Bolt anayeshinda barabarani kutwa ingekufa mapema zaidi. Ninachoamini ni kwamba walipaka unga kidogo, na huo kidogo haukuwa na zirkoniamu ya kutosha kuvumilia joto, kwahiyo uwezo wa kuhifadhi oksijeni ukaisha haraka wakati kopo lenyewe liko imara kabisa, halijatoboka, halina kutu, kuchomelea kwake kuzuri. Ndo maana nikasema nyota moja ni ya kopo.

Nilivyorudi dukani na risiti yangu muuzaji akaniambia eti petroli ya Bongo ina risasi ndo imeua. Jamani. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, huyu kijana inawezekana alikuwa chekechea. Risasi kweli inaua masega, inafunika uso wa oksidi na metali moshi usizifikie, ndo maana Marekani walipoanza kufunga masega kwenye magari ya mwaka 1975 ilibidi vituo viuze petroli isiyo na risasi. Lakini hiyo ni hadithi ya zamani. Siku hizi kinachoua ni vitu vingine kabisa: injini inayokula oili, kwa sababu oili ina fosforasi na zinki ambazo zikiungua zinaacha tabaka kama kioo juu ya oksidi (wenye Spacio na Allion za zamani zenye injini ya 1ZZ mnanielewa), injini inayomisi (silinda haiwaki sawasawa), ambayo petroli yake inaenda kuungulia ndani ya masega na kuyayeyusha, na gundi za silikoni ambazo fundi anapaka ovyo kwenye gasketi bila kuangalia kama zimeandikwa ni salama kwa sensa. Salfa nayo ipo, ila yenyewe inapunguza nguvu zaidi kuliko kuua moja kwa moja, ukiendesha barabara ndefu masega yakapata moto sehemu yake inaondoka. Nilimweleza hayo akaniitia mwenye duka, mwenye duka akasema waranti inahusu kopo. Basi nikaondoka.

Ile ya zamani tuliyoikata, kwa faida yenu, uso wa mbele ulikuwa na mng'ao wa kijivu sehemu kubwa, na kona moja vitundu vimeyeyuka vikashikana vikawa donge. Mwenye gari kabla yangu aliwahi kuiendesha inamisi, hilo halina ubishi.

Mtumba ulipopatikana ulikuja na flanji zake na namba zake zimegongwa kwenye bati, hamna kuchomelea, ni gasketi mpya na nati tu. Uzito wake tofauti. Tochi inaonyesha vitundu vidogo vimepangana, rangi moja ya kijivu kahawia kuanzia mwanzo mpaka mwisho, unatikisa juu ya karatasi hakidondoki kitu. Tulivyowasha fundi akaacha injini ipate moto akashika mzunguko 2,500 hivi, mstari wa nyuma ukapanda taratibu ukatulia kwenye 0.7 ukalala hapo. Akatoa ile bunduki ya kupimia joto akapima bomba la kuingilia na la kutokea, la kutokea lilikuwa na joto zaidi, ambayo ni dalili nzuri kwa sababu kaboni monoksidi na mabaki ya petroli yakiungulia mle ndani yanatoa joto lao. Hicho kipimo usikitegemee peke yake, masega mazuri kwenye injini safi wakati mwingine tofauti ni ndogo, ila pamoja na mstari wa sensa kinasaidia. Tangu hapo nimekwenda Dodoma tena, Tanga, na foleni za Mbagala kila siku, mstari bado umelala.

Mbona nne siyo tano? Kwa sababu hujui ilikotoka iliishije. Huwezi kujua gari ile ilikuwa inakula oili au la, hamna waranti kabisa, na kuna makopo yanayouzwa kama mtumba wakati ndani yamesukumwa vipande vya kauri mbele na nyuma tu, katikati hewa. Hapo tochi itakudanganya, ila uzito hautakudanganya.

Mdogo wangu anasoma kemia Chuo Kikuu pale Mlimani akasema hizi metali za bei mbaya ni suala la muda, kuna oksidi zinazofanya kazi bila hizo. Ni kweli na si kweli. Mchanganyiko wa oksidi za shaba na manganizi unaoitwa hopukaliti ulibuniwa Marekani wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na unageuza kaboni monoksidi kwenye joto la kawaida la chumbani, bila platinamu hata chembe, ndo unaowekwa kwenye vinyago vya kujiokoa vya wachimba madini. Mwaka 2009 watafiti wa Dalian, China, walichapisha kwenye jarida la Nature vijiti vidogo vya oksidi ya kobalti vinavyofanya kazi hiyo kwenye nyuzi 77 chini ya sifuri, yaani kwenye baridi ambayo hata friji ya bucha haifiki. Kobalti nyingi ya dunia inatoka Kongo, kule Kolwezi na jirani zake, kwahiyo usifikiri ni kitu cha mbali. Tatizo ni kwamba moshi wa gari una mvuke wa maji kibao, una salfa, na una joto. Hopukaliti ikilowa inakufa. Oksidi ya kobalti nayo unyevu unaidhoofisha na moto mkali unaivuruga umbo. Kwenye kinyago kilichofungwa kisipate unyevu inafaa sana, chini ya Premio yangu kwenye madimbwi ya Mbagala hapana.

Walioleta kitu ninachokiheshimu ni Daihatsu. Mwaka 2002 walionyesha, kwenye Nature hiyo hiyo, masega ambayo paladiamu yake imeingizwa ndani ya umbo la oksidi aina ya perovskiti, yenye lanthanamu, chuma na kobalti. Hewa ikizidi paladiamu inaingia ndani ya oksidi, mafuta yakizidi inatoka nje kama chembe ndogo, inaingia tena inatoka tena, kwahiyo haipati nafasi ya kujikusanya madonge na kuchakaa. Unatumia paladiamu kidogo na inadumu. Hiyo ndo tofauti kati ya kampuni inayofikiria unga na duka linalofikiria kopo.

Na mtu ataniambia achana na masega, subiri gari za haidrojeni. Sikatai, Toyota Mirai ilianza kuuzwa Japani Desemba 2014 na inachotoa nyuma ni maji. Lakini fyueli seli (kile kifaa kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme) ya aina ile inafanya kazi kwenye nyuzi kama 80 tu, na kwenye joto dogo namna hiyo kaboni monoksidi inang'ang'ania platinamu haitaki kuachia, kiwango cha kimataifa cha haidrojeni ya magari kinaruhusu sehemu 0.2 kwa milioni basi. Na haidrojeni nyingi duniani inatengenezwa kwa gesi asilia, njia ambayo lazima itoe kaboni monoksidi, kwahiyo kuna hatua za kuisafisha, na kwa mitambo midogo mojawapo ya vichocheo vinavyosifiwa ni oksidi ya shaba juu ya oksidi ya seriamu. Seriamu ile ile! Umeikimbia chini ya gari umeikuta kiwandani. Zipo pia fyueli seli za kauri, zinazofanya kazi kwenye nyuzi 700 na kuendelea, hizo kaboni monoksidi kwao ni mafuta wanaichoma na kutoa umeme, Wajapani wanazo mpaka majumbani. Kauri yao ni oksidi ya zirkoniamu, na hiyo unayo tayari kwenye gari lako, sensa ya oksijeni imetengenezwa kwa oksidi hiyo hiyo, zile volti 0.7 anazokuonyesha fundi zinazalishwa na sensa yenyewe kwa tofauti ya oksijeni ndani na nje ya bomba. Nilivyomwambia fundi akaitazama ile sensa kwa heshima mpya, akaacha kuigonga na spana.

Seriamu nayo hatuko mbali nayo, mradi wa Ngualla kule Songwe ni wa madini adimu na kwenye miamba ya aina ile seriamu ndo inakuwa nyingi kuliko zote, ila zinazotazamwa na macho ya dunia ni neodimiamu na praseodimiamu za sumaku, seriamu inaonekana kama makapi kwa sababu bei yake ni ndogo.

Kwa anayekwenda kununua wiki hii: nenda na tochi na karatasi nyeupe, shika la zamani mkono mmoja na jipya mkono wa pili, tikisa, waranti iandikwe mwisho wake ni tarehe ngapi na inahusu taa kurudi, siyo kopo kutoboka. Tibu kwanza kinachoua, kama injini inakula oili au inamisi hata uweke ya dhahabu itakufa. Ya Mchina inunue kama unataka kuuza gari au unasubiri mtumba, basi.

Na kopo lako la zamani usimwachie fundi kabla hamjaelewana. Wale jamaa wa skrepa wanaopita gereji hadi gereji wanasoma namba iliyogongwa kwenye bati, wanaangalia kwenye simu wanakutajia bei, na bei hiyo inakwenda na soko la rodiamu, ambayo mwaka 2021 iligusa karibu dola 30,000 kwa wakia. Sasa hivi si kama wakati ule. Langu nimelifungia kwenye kiroba liko uvunguni, mke wangu kauliza mpaka kachoka, nasubiri ipande.